Soksi za Bosi Zilivyofika London

Jino ndilo lililonirudisha Aziziya, mtaa wetu wa zamani hapo Jeddah. Siku hizi nafanya kazi Riyadh, nalea watoto wa binti wa bosi wetu wa zamani, na tulikuwa tumekuja Jeddah kwa likizo fupi ya kumsalimia bibi yao. Jino la nyuma likaanza kunitwanga hata nikashindwa kutafuna wali. Dereva wetu, kijana wa Kisii aliyeajiriwa juzi tu na hajui habari zetu za kale, akanipeleka kwenye kliniki ya kwanza aliyoiona kwenye simu yake. Jengo lilikuwa limevikwa vioo mbele. Sikulitambua.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, shavu limevimba kama nimeficha andazi, macho nimeyashusha sakafuni kwa sababu sipendi kutazamana na watu. Hapo ndipo nilipoliona tundu. Lilikuwa chini kabisa ya ukuta, kama kimlango chenye upinde juu, la kumtosha paka. Karani aliniona nikilikodolea macho.

"Ni la paka," akasema. "Wenye nyumba wa zamani walipenda paka."

Ndugu yangu, nyumba ile haikuwahi kuwa na paka. Tundu lile lilikuwa la treni ya London.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hata mimi nikijisikia nasimulia huwa naona kama nadanganya. Mama alikuwa mpishi katika nyumba hiyo, na Baba alikuwa dereva. Tuliishi chumba cha uani, nyuma ya matangi ya maji. Bosi alikuwa mzee mpole mwenye tumbo kubwa, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Ujanani alipelekwa kusoma Uingereza, na huko hakupenda chakula, hakupenda mvua, hakupenda chochote isipokuwa treni. Aliporudi akakaa bandarini miaka na miaka akitazama makontena yakishushwa na kupakiwa kwenye malori hadi Riyadh. Jambo hilo lilimuuma kama vile malori yale yanapita kifuani mwake. "Nchi kubwa hivi," alikuwa akisema, "na mzigo wote unakwenda kwa matairi!"

Alipostaafu, akaamua kwamba nyumbani kwake, angalau, mzigo utakwenda kwa reli.

Alianza na treni moja kuzunguka majlisi, ile sebule ya wageni wa kiume. Haikuwa ile ndogo ya kuchezea. Kichwa cha treni kilikuwa na ukubwa wa mkate wa boflo, na kila behewa liliweza kubeba nusu kilo ya tende. Kisha reli ikatoka nje ya majlisi, ikapita ukumbini, ikatoboa ukuta, ikaingia jikoni. Baba ndiye aliyetoboa. Kila chumba kikapewa jina la Uingereza. Majlisi ikawa London. Jikoni, kwa kuwa ni mbali zaidi, pakawa Glasgow. Chumba cha kufulia kikawa Manchester. Pale ukumbini, chini ya ngazi, ambapo njia ya Glasgow na njia ya Manchester zinaungana kuwa njia moja ya kuelekea London, pakaitwa Crewe.

"Bosi, huko Glasgow penyewe pakoje?" Mama aliuliza siku ya kwanza, akijipangusa jasho.

"Baridi sana."

"Basi niletee hiyo baridi kidogo, au niletee feni."

Feni ililetwa, kwa treni, vipande vipande.

Ratiba ilibandikwa mlangoni mwa friji na kubadilishwa kila alipopata wazo jipya, na mawazo hayakumwisha. Kulikuwa na ratiba ya kawaida, ratiba ya Ramadhani, na ratiba ya siku ambazo Madam ana wageni, ambapo treni zilitakiwa kupita polepole. Adhana ikilia, Uingereza nzima ilisimama. Asubuhi ilipita treni ya magazeti na dawa za bosi za presha. Alasiri ilipita treni ya kahawa na tende kutoka Glasgow. Na kila siku, saa nzima kabla ya ile ya kahawa, ilipita treni ya mizigo kutoka Manchester, ikipeleka nguo ndogondogo za bosi zilizofuliwa: vitambaa, kofia na soksi. London, yaani majlisi, ilikuwa na kabati lake pembeni.

Mkuu wa mizigo alikuwa Baba. Cheo hicho alikipata kwa bahati. Siku ya kuajiriwa bosi alimuuliza kama amewahi kuona treni, naye akajibu kwamba amezaliwa Mtito Andei, kando ya ile reli iliyojengwa na Waingereza. Bosi akaona amepata fundi. Baba mwenyewe alituambia uani kwamba alichojua kuhusu treni ni kwamba ikipita, mbuzi wanakimbia.

Na mimi nilikuwa Crewe. Bosi hakuniita jina lingine. "Ya Crewe!" Nami nakuja. Kazi yangu ilikuwa kushika kile kibao cha kugeuza njia, na kutangaza. Bosi alifunga mpira wa kumwagilia bustani ukutani, wenye mirija ya mdomo mpana, ile ya kumiminia mafuta, kila chumba; ukizungumza Crewe unasikika nyumba nzima. Naomba uelewe hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Shuleni nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiita majina, sauti haitoki, na mara kadhaa aliniandika kwamba sikufika nami nimekaa mbele yake. Lakini nikiweka mdomo kwenye ule mrija, nikiwa peke yangu chini ya ngazi, sauti ilitoka nene na safi kama ya mtu mwingine. "Treni ya tende kutoka Glasgow inapita Crewe. London, jiandae." Mama alisema nilikuwa nazungumza na mpira zaidi kuliko nilivyozungumza naye.

Sheria ya reli ilikuwa moja tu, na bosi aliitilia mkazo mpaka macho yanatoka: hakuna kugusa treni inayotembea. "Umewahi kuona Uingereza mkono unatoka mbinguni na kuinua treni?" Hatukuwahi. "Basi."

Aliyeichukia reli alikuwa Madam. Alikuwa amejikwaa mara mbili pale Carlisle, yaani mlangoni mwa bafu, akienda kuoga. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba ukoo mmoja wa Riyadh unakuja kumposa binti yao, Madam aliingia jikoni, akasimama mbele yetu sote.

"Nataka reli ifunikwe mazulia."

"Reli itawapelekea wageni kahawa," bosi akasema. "Wataiona heshima yetu."

Madam akamnyooshea kidole. "Sawa. Iwahudumie. Lakini ikituaibisha mbele ya watu wa Riyadh, siku hiyohiyo dereva anaing'oa yote, anapeleka kwa wauza vyuma. Halas."

Bosi akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda uani nikajificha nyuma ya matangi, nikawaza nitakuwa nani kama Crewe itapelekwa kwa wauza vyuma.

Sasa kuna jambo sijakuambia. Saa za reli zote zilifuata saa za London. Ukitaka kujua saa za Jeddah unatazama simu; ukitaka kujua treni unatazama saa ya ukutani. Na Waingereza, kila mwaka baridi inapoisha, husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Mama hakukubaliana na jambo hilo hata siku moja. "Wamezisogeza wapi? Jua si liko palepale?" Lakini bosi alifuata.

Kwa bahati yetu, wageni walifika Jeddah siku ileile Waingereza waliposogeza saa. Asubuhi bosi alipita na kiti, akapanda, akasogeza saa ya London, ya Crewe na ya Glasgow. Manchester ilikuwa imefungwa, ufunguo uko kwa Baba, na Baba alikuwa uwanja wa ndege akiwapokea wageni. Bosi akasema atamkumbusha. Kisha akaenda kujifukiza udi, akasahau.

Baba akarudi, akawashusha wageni, akapita uani mbio hadi Manchester, akatazama saa yake ya ukutani. Aliona kwamba amewahi. Alifurahi sana, alituambia baadaye. Akapakia treni ya mizigo vizuri, akasubiri mshale ufike, akabonyeza. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa moja, na treni yake ilipaswa kutangulia ile ya kahawa kwa saa moja. Hesabu hiyo hata mimi wa shule ya msingi naiweza.

Nilikuwa nimekaa Crewe na gauni jipya. Majlisini nilisikia sauti nzito za wanaume na kimya kirefu katikati, kile kimya cha watu wanaopimana. Miongoni mwao alikuwemo babu wa bwana harusi, mzee ambaye Baba alisema toka uwanja wa ndege hakufungua mdomo isipokuwa kuuliza kama gari lina bima. Nikanyanyua mrija nitangaze kahawa. Mara nikasikia reli ikilia upande usiotakiwa.

Treni ya Manchester ilinipita puani. Mabehewa yote yamejaa soksi za bosi, zimeviringwa kama mandazi, na juu yake fulana moja ya ndani.

Mkono wangu ulitoka. Naapa ulitoka, ukafika juu ya kile kichwa cha treni. Ukasimama hapo hewani, kwa sababu sheria ni sheria, na treni ikapita chini yake, ikaingia njia ya London. Na kule jikoni nilimwona Mama ameshapanga finjani, kahawa inafuka mvuke, kidole kiko kwenye kitufe. Akibonyeza, treni ya kahawa, ambayo ilikuwa na kichwa chenye nguvu zaidi, ingeifuata ile ya soksi na kuigonga nyuma palepale mlangoni mwa majlisi. Kahawa ya moto, juu ya watu wa Riyadh.

Nikaweka mdomo kwenye mrija. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu hofu haina muda wa kutafuta Kiarabu.

"Mama! Usibonyeze! Soksi za bosi ziko njiani zinakwenda London!"

Nyumba nzima ilisikia. Upande wa wanawake, binti, ambaye Kiswahili alikijua kwa kulelewa na Mama, alicheka mpaka akatolewa nje. Majlisini bosi naye alielewa. Alirukia kwenye tundu la ukuta aliwekee mguu, lakini tumbo lilimchelewesha. Treni ikatokea, ikapiga honi kama ilivyofundishwa, ikazunguka polepole kwa heshima mbele ya magoti ya wageni wote, ikasimama mbele ya yule babu.



Nilichungulia. Babu aliinama, akachukua soksi moja, akaifungua, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ndiyo kahawa ya Jeddah?" akauliza.

Bosi alikuwa amefunga macho.

"Na treni hii," babu akaendelea, "inafika Riyadh?"

"Bado," bosi akajibu kwa sauti ndogo. "Iko kwenye mipango."

Babu akaanza kutikisika mabega. Nilidhani ni hasira. "Kwenye mipango!" akasema. "Hata ile ya kweli, tangu nina ndevu nyeusi naambiwa iko kwenye mipango!" Akacheka mpaka wajukuu wakamshika, akajipangusa machozi kwa kitu kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi ni soksi. Wote wakaanguka kwa kicheko. Kisha akapiga goti lake. "Haya, kahawa ije. Kwa njia hiyohiyo!"

Niligeuza kibao. Nikatangaza, safari hii kwa Kiarabu, neno baada ya neno, ile sauti yangu ya Crewe. Kahawa iliingia London bila kumwagika tone, na wanaume wale wakapiga makofi kama vile wamepokewa na mfalme.

Madam alitoa hukumu jikoni wageni walipoondoka. "Reli ibaki," alisema. "Lakini soksi, mafi, hakuna tena." Akaondoka, akageuka mlangoni. "Na mtoto huyu apewe keki."

Siku iliyofuata nilienda shule, mwalimu akaita jina langu, nikajibu. Mwalimu aliniangalia kana kwamba dawati limesema.

Binti akaolewa, akahamia Riyadh. Bosi akakipa chumba cha binti jina hilo, akapiga mstari wa chaki sakafuni kutoka London mpaka mlangoni pake. Kila juma alisema njia hiyo itaanza. Lakini magoti yake yakakataa kuinama, kisha macho, kisha yeye mwenyewe akatuacha. Madam akahamia kwa mwanawe, nyumba ikapangishwa, Mama na Baba wakarudi Mtito Andei. Reli sijui iko wapi. Ule mstari wa chaki Madam alikataza usipigwe deki, akasema anaufuta mwenyewe, na mpaka siku tunatoka ulikuwa bado uko. Riyadh siku hizi kuna treni za mjini zisizo na dereva, zina sauti ya mwanamke asiyekohoa wala kupiga kelele. Kuja Jeddah, bado tunakuja kwa ndege au kwa matairi. Iko kwenye mipango.

Pale kliniki alikuwepo mtoto mmoja na kigari cha plastiki. Alikuwa amechoka kusubiri. Akachuchumaa, akakisukuma kigari ndani ya tundu kwa nguvu zake zote. Kikapotea. Tukasikia kikigonga kitu upande wa pili, na daktari akasema kwa ukali, "Hiki ni cha nani?"

Mtoto akajikunyata. Karani akasimama. Watu wote wakamgeukia mtoto. Mimi nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikaweka shavu langu lililovimba karibu na tundu.

"Treni ya mizigo kutoka London," nikatangaza, "imeshafika Glasgow. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Kigari kikarudi kwa kishindo, kimesukumwa, na ndani yake kuna pamba moja nyeupe.

Wakaniita jina. Nikajibu kwa sauti, nikaingia, nikalala kwenye kiti cha daktari mahali palepale palipokuwa na jiko la Mama, nikafungua mdomo. Palikuwa na baridi sana.