Namba ya Adabu

Ishaka Majaliwa alikuwa mtu wa mwisho Mapinga nzima kujua kwamba Ishaka Majaliwa amenenepa. Kioo alikuwa nacho. Alichokosa ni nguo inayombana. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini, akijishonea mwenyewe, na kila suruali yake aliiachia akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma. Idi ikija anafumua, anaongeza inchi moja, anashona. Suruali zikamkaa vizuri mwaka hadi mwaka, naye akadhani ule ni ufundi.

Wateja aliwatendea wema huohuo. Mwenye kitambi akija kupimwa, Ishaka alisoma kwa sauti namba ya adabu, "Thelathini na sita, mashaallah," kisha akaandika arobaini na mbili. Mteja aliondoka kifua mbele, na nguo ilimkaa. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwaka jana zahanati ilipopima watu sukari, Raya muuguzi alimwambia kuwa yake haijawa ugonjwa, ila imefika mlangoni, na presha na mafuta ya damu vimeisindikiza. Mwenye akili angeogopa. Ishaka alisikia neno moja tu, "haijawa", akapitia mgahawani kujipongeza kwa chai ya maziwa ya vijiko vitatu na kashata mbili.

"Mgeni kusimama mlangoni si kuingia ndani," alimwambia mkewe, Mwanamkasi.

"Na wewe umeshamtandikia mkeka," mkewe akajibu.

Cherehani yake ni ya kukanyaga, naye huikanyaga peku, maana unyayo ndio unaomwambia mwendo. Baada ya mfungo nyayo zilianza kumchomachoma, kisha zikatulia kimya. Akamshukuru Mungu kwa kupona. Mishono ikaanza kwenda upande. Akaulaumu mkanda, akaulaumu uzi wa siku hizi. Siku moja mashine ilikimbia mguu usijue, akashona pazia la mteja wa kutoka Dar pamoja na mkono wa shati alilovaa. Hapo akaulaumu umeme, na cherehani yake haina waya hata mmoja.

Ijumaa moja alitawadha mbiombio ili aiwahi hotuba. Safu ya nyuma yake alisimama Mbaruku, mchuuzi wa samaki na mtani wake tangu utoto. Walipokwisha kutoa salamu, Mbaruku akamgusa bega.

"Ishaka, hiyo pini unyayoni ni dawa au ni pambo? Kila ukisujudu inanitazama."

Ishaka akaugeuza mguu. Pini ya kichwa chekundu, ya dukani kwake, ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa. Alikuwa ametembea nayo, ametawadha nayo, amesali nayo. Watu wakacheka, naye akacheka kuwapita, kwa sababu hofu iliyomshika hakujua pa kuiweka. Mguu ule ndio uliomlisha. Ukifa, hana kazi nyingine anayoijua.

Alasiri hiyohiyo Raya aliitoa pini, akasafisha kidonda. Kisha akachukua kiuzi chembamba cha nailoni.

"Fumba macho, baba. Nikikugusa unyayo, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema Ishaka. "Ndiyo. Ndiyo."

"Baba, bado sijaanza."

Akanyamaza, akangoja. Akangoja sana.

"Anza basi, binti yangu."

"Nimemaliza."

Fundi wa nyuzi miaka thelathini, uzi umempita mara kumi asiusikie. Raya akamweleza taratibu kwamba mishipa ya fahamu hulishwa na mishipa midogo ya damu. Hiyo midogo ikidhoofishwa na sukari na mafuta, ile ya fahamu hukosa chakula, na ya nyayoni hutangulia kwa kuwa iko mbali. Tena huweza kuanza kabla sukari haijaitwa ugonjwa.

"Mguu utarudi kusikia?" Ishaka akauliza.

"Mshipa uliokwisha kufa ganzi siwezi kukuahidi. Uliobaki tunaweza kuulinda, ukitembea, ukipunguza sukari na tumbo. Kiuno ni inchi ngapi?"

Ishaka akaivuta tepu yake shingoni, akajizungushia. "Thelathini na sita," mdomo ukasema wenyewe.

Raya hakuandika. Alishika kalamu, akamtazama tu. Ishaka akainama, akasoma tena, na sauti ikamtoka ndogo.

"Arobaini na nne."

Nyumbani alizigeuza suruali zake zote tano, akazipunguza kiuno inchi mbili na kuikata akiba ya nyuma, moja baada ya moja. Sasa zinambana, naye hutembea hadi barabara kuu na kurudi akiwa amevaa viatu vya kufunika, akilalamika njia nzima kwamba fundi wake hana huruma.

Kila jioni Mwanamkasi huupakata mguu ule, huumulika kwa tochi ya simu kutafuta jeraha, kisha humwambia afumbe macho. Humgusa kwa ncha ya uzi, hapa na pale. Ishaka hajibu ndiyo ila anaposikia kitu. Jioni nyingi hukaa kimya.