Kiatu cha Mkutubi

Mfagizi wa maktaba amezoea kumwona mkutubi akilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, hata ule alioupaka gundi sasa hivi, kisha akikunja uso. Zinazochanika sana ni zile riwaya za upelelezi wa mjini zilizojaa viumbe wa ngano za Kirusi, hasa babu mdogo mwenye manyoya anayelinda nyumba, ambaye wenyeji wakihama hatoki mpaka abebwe ndani ya kiatu kikuukuu. "Upuuzi mtupu," mkutubi hunung'unika, huku akizibandika polepole kama anayefunga kidonda cha mtoto. Siku maktaba ilipohamia jengo jipya, mfagizi alirudi jengo la zamani kuchukua ndoo yake. Akamkuta mkutubi amepiga magoti nyuma ya rafu tupu, mguu mmoja peku, kiatu mkononi. "Ingia basi, babu," alikuwa akibembeleza. "Hapa utabaki na nani?"