Jina Ndani ya Kola

Mwanangu, ipo siku moja ya soko pale Shelui ambayo kila nikiikumbuka natamani kucheka na kulia kwa pamoja. Nitakusimulia kabla hujaondoka, maana wewe ndiye uliyeniuliza juzi kwa nini bibi mzima ana kabati la vioo lililojaa midoli ya askari. Wageni wengi wanaofika hapa kwangu Nduguti wanaliona kabati, wanakohoa kidogo, kisha wanauliza habari za mvua. Wewe uliuliza. Basi kaa, chai iko kwenye chupa, na mimi sina haraka.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka Mtinko kuja Shelui kujifunza cherehani kwa fundi mmoja aliyejulikana kwa jina la Mama Tumaini. Barabara ya kwenda Nzega ilikuwa bado ya vumbi, na baraza ya fundi wangu ilitazamana na mahali malori yanapoegeshwa. Madereva na mautingo wao ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa: mifuko iliyotoboka, zipu zilizokufa, suruali za kupunguza. Baba yangu alikubali kwa shingo upande nije kujifunza. Alikuwa na mabinti wengine nyuma yangu, na aliniambia wazi kwamba nikirudi bila ufundi, nafasi ile haitarudi tena kwangu, itakwenda kwa mdogo wangu. Kwa hiyo kile kiti cha nyuma ya cherehani nilikishika kwa mikono miwili.

Mama Tumaini hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikosea mshono hakukugombeza. Alikurudishia nguo na wembe, ukae ufumue, uanze upya. Nilifumua sana enzi zile.

Sasa mbele ya baraza yetu alikuwapo Shabani, muuza mitumba. Kwa kawaida alifungua mabelo ya mashati na magauni, lakini siku moja alifungua belo la vitu vya watoto. Midoli ya watoto wachanga yenye nywele za dhahabu iliisha palepale. Iliyobaki ilikuwa ya wanaume, askari warefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, taya ngumu, mmoja ana kovu shavuni, na wote uchi kwa sababu nguo zao zilipotelea huko walikotoka. Akina mama waliwageuzageuza, wakawarudisha. Mmoja alisema mtoto wake akilala na kitu kile ataamka na homa. Shabani aliponiona nimekodoa macho akanitupia yule mwenye kovu, akasema nichukue tu, huyo hata bure hatakiwi na mtu.

Nikamkunja goti, likakunjika. Kiwiko nacho kikakunjika. Vidole vyake vilikuwa vimeachana kimoja kimoja. Sijui nikuelezeje furaha yangu. Mimi wakati ule nilikuwa nashona mapindo na kurudishia vifungo tu, sijaruhusiwa kukata kitambaa cha mteja. Hapa nikapata mteja wangu mwenyewe, ana mabega, ana kiuno, na halalamiki. Nikamkatia suruali kutoka kwenye vipande vya kitenge vya sakafuni. Mautingo walipomwona walicheka mpaka wakakaa chini, askari mwenye kovu amevaa maua. Niliona aibu kwa niaba yake, nikaamua nimshonee nguo za kweli.

Hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Ndani ya belo lingine Shabani alikuta koti la mabaka, la kijani na kahawia kama la wanajeshi wetu. Raia hapaswi kuvaa wala kuuza nguo ya namna ile, na hilo tulilijua sote, kwa hiyo alitaka kulichoma haraka. Mimi nikamwomba mkono mmoja wa koti hilo. Mama Tumaini alikuwa amesafiri kwenda msibani, na bila jicho lake nilishona kombati kamili, mifuko ya kifuani na ya mapajani, mikanda ya mabegani, na kofia juu. Nilipomaliza nikamsimamisha askari wangu juu ya cherehani. Watoto wakajaa, madereva wakaja, hata mama ntilie wakaacha vyungu vyao vya chakula kuja kutazama. Kichwa kilinivimba, nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Shelui.

Mama Tumaini alirudi siku ya soko, akakuta umati barazani kwake. Hakupiga kelele. Aliwatawanya watu, akaniambia kwa sauti ya chini nikachome kile kitu jikoni, kisha nifungashe nguo zangu niende kwetu. Alisema ana watoto wa kulisha, na hawezi kufungiwa kazi kwa ajili ya mchezo wa binti asiyejua kuogopa. Nikamwambia nitamchoma sasa hivi, ila aniache nibaki. Akasema hapana. Niliingia ndani kufunga mzigo wangu, nikimfikiria baba na jinsi nitakavyoanza kumweleza.

Nilipotoka na mzigo, nikamkuta Mzee Kitundu amesimama barazani na suruali yake ya kupunguza. Huyu alikuwa mstaafu wa jeshi, amepigana vita vya Kagera, na sasa analima alizeti nje kidogo ya mji. Watu walimheshimu na kumwogopa kidogo, kwa sababu alitembea wima na hakuwa mtu wa porojo. Mama Tumaini alikuwa amemfunika mdoli kwa shuka, lakini mguu ulikuwa umechomoza. Mzee akaufunua.

"Nani ameshona hii?"

"Ni mimi."

Aliendelea kunitazama mpaka nikakumbuka kumwamkia. Nikasema shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba, ndipo akarudisha macho kwenye ile nguo. Alifungua mfuko mmoja mmoja. Akavuta mshono wa bega kuona kama utaachia. Mama Tumaini alianza kujieleza mbio mbio, kwamba yeye hakuwapo, kwamba kitu chenyewe kinachomwa, kwamba binti mwenyewe anarudi kwao leo hii. Mzee alimwacha amalize, kisha akaniuliza, "Huyu askari wako anaitwa nani?"

Nikacheka kwa woga. Nikasema ni mdoli tu, hana jina.

Yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja na kutusimulia, mimi na fundi wangu, jambo ambalo nadhani hakuwa amelipanga. Kule vitani waliletewa kijana mpya mchana mmoja, mdogo kuliko wote. Walikuwa wamechoka, kila mtu ana lake, wakamwita dogo tu. Dogo, lete maji. Dogo, shika hapa. Kesho yake asubuhi kijana akapigwa, akafia mikononi mwa Mzee Kitundu. Waliomleta walikuwa wameshasonga mbele, na katika wale waliobaki hakuna aliyejua anaitwa nani wala kwao ni wapi.

"Mpaka leo kuna mama mahali fulani," akasema, "na mimi ndiye niliyemshika mwanawe, na siwezi kwenda kumwambia."

Mzee akamgeukia Mama Tumaini, akauliza bila ukali wowote, "Na huyu binti unayemrudisha, anaitwa nani?"

Mama Tumaini akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mwanangu, tangu nifike pale aliniita Mtinko. Mtinko, lete mkasi. Mtinko, washa pasi. Watoto wake waliniita hivyohivyo, Shabani pia, nami nikazoea. Nilikuwa nimekula chakula chake na kulala chini ya paa lake, na hakujua jina langu. Alinitazama, nikaona uso wake umebadilika, ukali wote umemtoka.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Veronika."

"Veronika," akasema, "weka mzigo chini. Chukua wembe, ufumue hiyo nguo."

Sijawahi kupewa amri tamu kama ile. Kwa Mama Tumaini, wembe alipewa mwanafunzi, na mtu anayefukuzwa hapewi wembe. Nilikaa pale nikifumua huku machozi yananidondokea kwenye mabaka, na sikujali nani ananiona.

Usidhani lakini nilitoka salama. Nilipokuwa nafumua, Mzee Kitundu alimchukua mdoli, akamviringishia leso yake kiunoni ili asibaki uchi barabarani, na akanisema vizuri. Alisema mimi nami nisijione nimeonewa. Nilikuwa na mtu wangu juu ya cherehani siku zote zile, nimemvalisha ili mimi nisifiwe, na hata jina sikumpa. Kuhusu mabaka alisema ni ya wanaoyafanyia kazi, na mdoli naye ni raia. Nimshonee kaki. Shabani, aliyekuwa anasikiliza akiwa kwenye mitumba yake, alicheka mpaka mzee mwenyewe akatabasamu.

Kaki ilipokamilika, mzee alikuja na jina la mwenzake aliyefia vitani. Yule mwenye kovu akawa Joramu, mtu wa huku huku Nduguti, aliyekuwa hapendi uji na anaimba vibaya. Nilishona jina kwa uzi mweupe ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Siku ya soko iliyofuata mzee alileta askari mwingine aliyemtoa beloni, na jina lingine la rafiki yake, na kijiji chake. Ndivyo tulivyoanza, na hatukuacha tena. Yeye, mtu mzima na heshima zake, alikuwa anainama kwenye mitumba pamoja na akina mama, anapekua vitu vya watoto bila haya. Shabani alituwekea pembeni waliopungukiwa mkono au kofia. Wale wadogo wa plastiki ya kijani, walioumbwa pamoja na nguo zao, mzee aliwakataa, kwa sababu asiye na kola hasajiliwi. Watu walitucheka, tukawaacha wacheke. Nilipoolewa nikahamia huku, askari walihama nami kwenye sanduku, na mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenichongea kabati.

Mzee Kitundu alifariki akiwa amezeeka vizuri, na wanawe wakaniletea wale aliokuwa nao nyumbani kwake. Mimi nimeendelea. Siku hizi mjukuu wangu ananitafutia kwenye simu, wengine wanaletwa na madereva wanaojua ugonjwa wangu. Na majina si ya wanajeshi peke yao tena. Yupo anayeitwa Shabani, kwa sababu Shabani naye ameshatangulia. Kila Jumapili baada ya kanisa nawapangusa vumbi mmoja mmoja nikiwaita, na ninapowaita nawakumbuka wenyewe. Hiyo ndiyo raha yangu. Wengine wana vikoba vyao vya kuweka akiba, mimi nina hawa.

Lakini umemwona yule mfupi wa mwisho kulia, kola yake haina kitu. Huyo aliletwa na mzee mwenyewe, na nilipomuuliza jina akasema bado. Alikufa akisema bado. Kijana mmoja wa ofisi za wilaya aliniambia nimpe jina lolote zuri, kazi iishe. Nilikataa. Jina lake analo, alipewa na mama yake, na sisi ndio tulioshindwa kuuliza. Nikimbandika la kubuni nitakuwa nimetufichia aibu yetu. Yeye nampangusa kimya kimya, na inaniuma kila mara, siku zote inaniuma.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikushauri ukusanye midoli. Ukipenda kukusanya kitu, kusanya, iwe stempu, iwe vikombe, na usiwaonee haya wanaocheka, ila ujue kila kimoja kilitoka wapi, vinginevyo unajaza tu nyumba. Ninalokushauri hasa ni hili. Ukifika mahali, kazini, bwenini, kwenye nyumba ya kupanga, uliza watu majina yao siku hiyohiyo. Anayekuletea maji ana jina. Anayefagia ofisi ana jina, na ana kwao. Usimwite dogo, usimwite dada wa kazi, usimwite kwa kijiji alichotoka kama mimi nilivyoitwa. Najua kwetu mkubwa haulizwi jina lake usoni. Basi uliza pembeni, halafu umwamkie kwa heshima yake, lakini ujue. Mama Tumaini aliitwa Esta, na mimi nililijua hilo kwa sababu safari hii niliuliza. Usiseme utauliza kesho, mwanangu. Wale wenzake na Mzee Kitundu nao walidhani watauliza kesho.

Nenda salama. Mungu akupe afya, akupe kazi ya mikono yako, akupe watoto wakikuita uitike. Na popote utakapolala ugenini, asikose kuwapo mtu mmoja anayejua unaitwa nani, na kwenu ni wapi.