Kinyaa cha Mama Luciana Mafungoni

Kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na shughuli ya parokia ambayo Luciana wa Kinyangiri hakuinjika sufuria. Kipaimara, jubilei ya padri, msiba wa katekista, watu walikula kwake. Mwaka huu mgongo ulikataa. Akina mama wa jumuiya yake wakakaa, wakakata shauri bila kumuuliza: kwenye mafungo ya siku tatu kule Misigiri, Luciana ataenda kama mgeni. Asiguse mwiko. Alale, asali, afundishwe, arudi mtu.

Hakubisha. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Asubuhi ya kwanza alipita nyuma ya ukumbi, upepo ukimpigia moshi wa kuni usoni, akaingia jikoni kuomba maji ya moto. Mpishi alikuwa binti mmoja mnene wa mikono, anaitwa Janeth.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatupikia nini?"

"Maharage, mama. Na mlenda."

Janeth akachota mchuzi kwa upawa, akamimina kidogo kiganjani, akalamba kiganja chote mpaka kwenye kifundo. Kisha mkono uleule, uking'aa kwa mate, akauzamisha kwenye kopo la chumvi na kuirushia sufuriani. Alitabasamu alipokuwa akifanya hivyo.

Luciana akaona kinyaa, akatoka bila maji aliyoyafuata.

Mchana hakula. Walipompitishia sahani, alisema taratibu, "Mimi nimefunga." Habari ikatembea meza hadi meza kwamba mama wa Kinyangiri ni mtu wa sala kwelikweli, na wawili watatu wakaona aibu kuongeza ugali. Luciana hakuwasahihisha. Kutoka hapo akawa anakutana na kinyaa kila alipogeuka. Beseni la kunawa lilizunguka mikono arobaini, likamfikia maji yakiwa mazito kama ya kuoshea mahindi. Chumbani, jirani yake wa kitanda, Emiliana wa Mwankoko, alivua meno mawili ya bandia, akayatia kwenye kikombe cha chai, akakoroma.

Na bado, hapohapo katikati ya uchafu huo, alikuwa anapumzika. Alilala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Hakuna mbuzi aliyemwita. Sista Esta, mwalimu wao, aliwapa karatasi, akawaambia waandike jambo ambalo hawajawahi kumwachia mwingine awafanyie. Luciana alishika kalamu muda mrefu. Mwisho akaandika neno moja: Kunipikia. Akalitazama, akaikunja karatasi upesi kana kwamba kuna mtu anachungulia.

Siku ya pili, kwenye Njia ya Msalaba kati ya majabali, akiwa na chai kavu tu tumboni, alianguka. Alijikuta kitandani, Emiliana amesimama na sahani.

"Kula."

"Nimefunga."

"Hujafunga wewe, umesusa. Nimekuona unavyomtazama yule binti, kama umeona mende kwenye maziwa."

Luciana akaona hana pa kukimbilia. Akaeleza habari ya kiganja, mate na kopo la chumvi.

Emiliana alikaa kitandani, akacheka mpaka akashika meno yake yasianguke.

"Na wewe unaonjaje, shoga yangu?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Siku ya jubilei kule kwenu nilikuwa namenya vitunguu mbele yako. Ulilamba kiganja, ukatia chumvi. Moshi ukakuingia, ukapenga kamasi kwa kanga, ukalamba tena. Ile pilau nilirudia mara mbili."

"Unasema uongo."

"Haya. Nionyeshe basi unavyoonja."

Luciana alinyanyua mkono wa kuume aonyeshe. Mkono ukajikunja wenyewe kama kikombe, ukaenda mdomoni. Ukabaki hapo. Mama yake alimfundisha hivyo: upawa hautiwi mdomoni, ni utovu wa adabu, kionjwe kiganjani. Hakuwahi kufundishwa la kufanya na kiganja baada ya hapo. Alikumbuka padri, wageni wa kutoka mjini, watoto wa kipaimara na shela zao nyeupe, wote wakimshukuru na kulamba vidole. Safari hii kinyaa kilikuwa cha nafsi yake, nacho ndicho kilikuwa kibaya zaidi.

"Mlijua?" aliuliza.

"Wote tuliokusaidia jikoni tulijua. Tulikuwa na njaa, na wewe ulikuwa umeamka saa tisa usiku. Kula, ugali unapoa."

Alikula. Kila tonge lilipita kwa kusukumwa. Chumvi ilikuwa sawasawa, na hilo lilimuudhi.

Siku ya mwisho Sista Esta alimwita atoe neno la shukrani kwa niaba ya wote, "kwa kuwa mama yetu ametutangulia kwa kufunga." Luciana alisimama mbele yao. Angeweza kuupokea utakatifu ule na kwenda nao nyumbani.

"Sikufunga," alisema. "Niliona kinyaa. Nimewaonea kinyaa ninyi nyote, mmoja mmoja, na jana nikajionea mwenyewe. Nawashukuru kwa kitanda. Nawashukuru kwa masomo. Na wale mliokula kwangu miaka ishirini na miwili bila kuniambia, sijui niwashukuru au niwaombe radhi. Nimepumzika. Ndivyo."

Walicheka, mmoja akajifuta machozi. Chakula cha kuagana kilipoletwa, Janeth alifika kwake na sufuria kiunoni, macho chini, maana maneno yalishafika jikoni.

"Mama, nikuwekee?"

Luciana alishika sahani kwa mikono miwili.

"Weka, mwanangu. Weka mengi. Ila kanawe kwanza, nakusubiri."