Mbawakawa wa Kijito cha Baba

Nilipoanza kukusanya mbawakawa wa majini kwa ajili ya shahada yangu ya pili, baba alikuwa amebaki peke yake kihambani, kwenye shamba letu la ukoo huko Machame. Mama tulishamzika pale pale kando ya migomba. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Pasua, mjini, nafundisha baiolojia sekondari, na kila Jumamosi nilipanda mlimani na ndoo na wavu mdogo wa kuchotea wadudu.

Baba alivaa mabuti ya mpira akanifuata hadi kwenye kijito kilichopita chini ya shamba la kahawa. Nilitaka kujua kwa nini mbawakawa wengine wameenea nchi nyingi, na wengine huwaoni hata ng'ambo ya bonde.

"Hawa nimewatoa Sanya Juu, kwenye dimbwi la ng'ombe," nilimwambia, nikimsogezea chupa. "Dimbwi hukauka kila kiangazi, kwa hiyo wamezoea kuruka kutafuta maji mengine. Wanafika mbali. Hawa wa kijito chako maji yao hayajawahi kukauka, mabawa yao yamebaki mafupi. Hawaruki."

"Kwingine hawapo?"

"Sijawaona kwingine."

Aliwainamia wale wa kijito. "Basi ni wa kwetu," alisema, na siku ile alitembea kama mtu aliyepewa sifa.

Vuli ile mvua haikunyesha. Kijito kilipungua, kikawa vidimbwi, kisha tope. Baba alikuwa akibeba maji kutoka bombani, hadi mgongo ukamshinda na ng'ombe wake akapelekwa kwa shangazi. Nilikusanya mbawakawa waliobaki chini ya mawe, nikawaweka kwenye ndoo na majani mabichi, tukavuka bonde hadi kijito kingine kilichokuwa bado kinatiririka. Baba alishuka polepole akijishikilia kwenye migomba. Nilipowamwaga, waliingia chini ya mawe haraka, nikapata matumaini.

Niliporudi kuwatafuta, nilipindua mawe asubuhi nzima bila kupata hata mmoja. Pengine maji yale yalikuwa na joto zaidi kuliko waliyoyazoea. Sijui mpaka leo.

"Wamekubali?" baba aliuliza niliporudi nyumbani.

"Sijawaona, baba."

Aliendelea kumenya ndizi.

Presha ilipompanda nikamshusha Pasua nikae naye. Hakulalamika. Alisalimiwa shikamoo na watoto wa jirani, akaitikia, akabaki ameketi barazani akitazama ukuta wa nyumba ya pili. Chakula alikula kidogo ili nisihuzunike. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hapa sijui nifanye nini na mikono yangu." Alifariki kabla ya masika.

Mvua zilianza juma tulilomzika kihambani. Siku ya kuanua matanga nilichukua wavu nikateremka kijitoni. Maji yalikuwa yamerudi, mekundu, yakikimbia. Nilichota mara nyingi. Nilipata mbawakawa, tena wengi, lakini wote walikuwa wale wa madimbwini, wenye mabawa marefu, wameshafika. Wa kwetu hakuwepo hata mmoja.

Niliwarudisha majini, nikanawa, nikapanda nyumbani kuwasaidia wanawake kuosha masufuria.