Mirija Saba kwa Farasi wa Haji Sugow

Pale Ifo, kambi ya wakimbizi karibu na Dadaab, Rukiyo Nunow alijulikana kama mwanamke asiyemaliza chai yake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mrefu, na alitembea upesi kama mtu aliyeitwa. Katika miaka mitano ya kambini alikuwa amehamisha hema lake mara tatu bila kugombana na jirani yeyote. Akiulizwa sababu, alijibu tu kwamba mahali pale palimchosha.

Kabla ya vita alikuwa fundi wa maabara katika chuo cha mifugo Mogadishu. Wakubwa wake walimpeleka Italia miaka miwili kujifunza kazi moja: kugandisha mbegu za farasi dume, kuziyeyusha, na kusema kama bado zina uhai. Alirudi na ujuzi ambao nchi ya ngamia haikuuhitaji sana. Kisha vita vikaja, maabara ikaporwa hadi vitasa vya milango, na Rukiyo akavuka mpaka pale Liboi pamoja na dada yake Arbia na fundo moja la nguo. Ifo alitibu punda wa mikokoteni ya maji. Alisafisha vidonda vya mgongo, alikata kwato, na jioni alizunguka uzio wa miiba kwa miguu mpaka Arbia akamwambia anawatia watu wasiwasi.

Mwanzoni mwa mwaka 1997, Haji Sugow alikuja kumtafuta. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Garissa, mtu mzima mwenye ndevu za hina. Babu yake alikuwa na farasi, baba yake hakuwa naye, na jambo hilo lilimuuma Haji maisha yake yote. Sasa alikuwa amenunua farasi jike wa kijivu kutoka shamba moja upande wa Nanyuki. Dume hakupata. Dalali mmoja aitwaye Kadar alikuwa amemletea mbegu zilizogandishwa ndani ya mtungi.

"Daktari wa ng'ombe ameniambia hajawahi kumshika farasi," Haji alisema. "Watu wa punda wakanitajia jina lako, walaal, ndugu yangu."

"Mtungi umekaa njiani siku ngapi?" Rukiyo aliuliza.

Haji hakujua.

"Nani alikuwa akiongeza naitrojeni, yale maji ya baridi kali yanayozitunza?"

Hilo pia hakulijua. Rukiyo alikuwa amekwisha kusimama. Ofisi ya kambi ilimpa karatasi ya ruhusa ya kutoka kwa siku kumi na nne, na kesho yake akapanda lori la Haji kwenda Garissa.

Alipofika hakuingia ndani kusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda ulipowekwa mtungi, akafungua mfuniko, akateremsha kijiti cha kupimia. Alipokitoa, ukungu wa barafu ulikuwa umeshika ncha yake tu, kina cha vidole vinne. Kadar alikuwa amesimama mlangoni, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua.

"Naitrojeni ilipungua hivi lini?"

"Nilikaa Thika kidogo kabla ya kupata gari," Kadar alisema. "Lakini moshi ulikuwa bado unatoka, eeddo, shangazi. Kitu ikitoa moshi si iko sawa?"

Ndani ya mtungi mirija myembamba ya plastiki yenye mbegu ilikuwa imepangwa ghorofa mbili, minane juu, minane chini. Farasi mmoja huhitaji mirija minane kwa mara moja. Haji aliazima hadubini kutoka shule moja ya sekondari. Rukiyo alipasha maji kufikia joto la mwili, akachovya mrija mmoja wa ghorofa ya juu nusu dakika, akadondosha tone kwenye kioo. Ilikuwa miaka sita hajaangalia chochote kwenye hadubini. Aliona vichwa na mikia imetapakaa kama majani yaliyokatwa. Hakuna kilichotikisika.

Akajaribu mmoja wa chini. Hapo akaanza kuhesabu, macho kwenye lenzi, hadi Haji akashindwa kuvumilia.

"Vipi?"

"Wanakwenda," alisema. "Katika kila kumi, wanne wanakwenda mbele. Wengine wanajizungusha tu. Hao wanne wanatosha."

Aliwaeleza: naitrojeni iliposhuka, ghorofa ya juu ilibaki bila kitu, ikapata joto, ikafa. Ya chini ilibaki imezama. Kuujaza mtungi sasa kungewagandisha tu wafu upya.

Kadar alishauri wachanganye yote. "Farasi hawezi kujua ipi ni ipi."

"Tumbo lake litajua. Wafu watamwasha ndani, litavimba, na wazima hawatapata pa kukaa." Akamgeukia Haji. "Mmoja nimeutumia kupima. Imebaki saba. Ni nafasi moja, na ni pungufu."

Haji alimtazama Kadar, na kijana akavua miwani yake. Hakuonekana tena pale nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja, na kungoja ndiko Rukiyo asikokujua. Farasi hakuonyesha dalili ya joto la kutaka dume. Ili kumpima walimleta punda dume wa muuza maji. Kila asubuhi farasi aliinamisha masikio na kumpiga teke, na mwenye punda akalalamika kwamba mnyama wake anadhalilishwa. Naitrojeni ilipungua kidogo kila siku. Ruhusa nayo ilipungua. Rukiyo alizunguka ua, akaenda hadi daraja la Tana, akarudi, akateremsha kijiti mtungini, akatoka tena. Kaltun, mke wa Haji, alimwekea chakula mahali alipokuwa akipita, apate kula akitembea.

Siku ya tisa farasi alitulia mbele ya punda, akainua mkia. Rukiyo alivaa glavu ndefu ya plastiki, akaipaka mafuta, akaingiza mkono hadi begani huku Kaltun akiushika mkia na kugeuza uso pembeni.

"Abaayo, dada, unatafuta nini humo?"

"Kifuko cha yai. Sasa ni kigumu kama ndimu. Kikilainika, yai liko karibu kutoka. Mbegu za barafu haziishi siku nyingi kama za dume aliye hai. Nikiziweka mapema zitakufa zikingoja, nikichelewa yai litakufa."

Ikawa hivyo mara nne kila siku. Kigumu. Kigumu. Kigumu bado. Siku ya kumi na nne ilikuwa Alhamisi, na lori la Dadaab lilikuwa likinguruma barabarani. Alfajiri hiyo kifuko kilikuwa kimeanza kuachia kidogo tu.

"Nenda," Haji alimwambia. "Polisi wa njiani hawana mchezo. Nitamwomba daktari wa ng'ombe."

"Atajuaje kwa mkono wake?"

Rukiyo aliliangalia lori hadi lilipoondoka. Baadaye alimwambia dada yake kwamba siku ile aliogopa sana, lakini kwa mara ya kwanza tangu Mogadishu alijua kwa nini anahangaika.

Ijumaa asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kifuko kilikuwa laini kama tunda lililoiva sana. Aliyeyusha mirija saba, akaangalia tone moja, akazipitisha mbegu kwa bomba refu hadi ndani ya tumbo la uzazi. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Kabla ya sala ya Ijumaa alipima tena, akakuta shimo dogo pale kifuko kilipokuwa. Akavua glavu.

"Limetoka," alisema. "Yaliyobaki si yangu."

Jumamosi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari alisoma karatasi yake mara mbili. "Imekwisha juzi. Ulikuwa wapi?"

"Mimi nilingoja yai ya farasi," Rukiyo alisema kwa Kiswahili chake cha kambini.

Askari alidhani anadhihakiwa. Alimkalisha juani hadi alasiri, akaandika jina lake, kisha akamwachia. Lakini jina lilifika ofisini, na mwaka huo hakupewa ruhusa tena.

Hivyo hakuweza kwenda kumpima farasi. Aliwauliza madereva. Mmoja alisema amenenepa. Mwingine alisema farasi gani? Oktoba mvua zilianza, zikawa zile mvua zilizoifanya barabara ziwa. Maji yaliingia mahemani, vyoo vikaanguka, watoto wakaugua, na chakula kikaja kwa ndege. Rukiyo alibeba wagonjwa kwa mkokoteni wa punda, na wiki nzima nzima zikapita bila kumfikiria farasi.

Aprili mwaka 1998 ndipo alipopewa karatasi mpya. Pale Garissa, mtoto jike wa wiki saba, mweusi mwenye miguu mirefu isiyoelewana, alikuwa akinyonya. Haji alianza kulia mbele ya watu bila kuona aibu. Rukiyo hakulia. Alipapasa magoti ya mtoto, akatazama kitovu, akafungua mdomo wake kuona fizi.

"Yuko sawa," alisema, kisha akakaa chini kivulini, akakaa kweli, karibu saa nzima, akimtazama.

Haji alimwomba abaki, naye akabaki mwaka mmoja akitunza mifugo yake. Baadaye alikwenda kaskazini, Hadado kisha Tarbaj, akiwafundisha wafugaji kutibu punda. Huko walimwuliza kama angeweza kugandisha mbegu za ngamia wao bora. Aliwaambia kwamba za ngamia ni nzito kama ute wa yai, zinakataa kuyeyuka vizuri, na yeye hajui namna. Lakini watu wa Tarbaj wanasema aliagiza hadubini.