Bado Mlango Tu

Mama yangu aliingia kwenye nyumba yake mpya siku moja tu, akiwa ndani ya jeneza. Waliombeba walisimama kwanza, mmoja wao akasogeza mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani sebuleni ukizuia njia. Aliutoa nje, akaulaza kwenye nyasi. Mlango huo ulikuwa umekaa pale sebuleni miaka mitatu ukisubiri kupachikwa.

Baba si mvivu. Nalisema hili kwa sababu kwenye msiba nilisikia watu wakinong'ona kinyume chake. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, na kwa misimu miwili aliteka maji bondeni kwa punda kabla ya kwenda shambani. Alimwahidi mama kwamba hatazeekea kwenye nyumba ya nyasi. Kijiji chetu kiko juu, kwenye milima ya Tarime, na mvua za huku zina baridi. Nyumba ya zamani ilivuja juu ya kitanda, na mama alikuwa na kifua. Alichotaka ni kulala pakavu, basi.

Mabati niliyaleta mimi. Siku ya kupaua baba alichinja mbuzi, kama ilivyo desturi. Mafundi walikula, majirani walikula, wazee wakampa mkono. "Mura," walimwambia, kama wanavyomwita mwanaume aliyefanya jambo, "umemaliza." Hapo ndipo tulipokosea. Tulikula kabla ya mlango. Kuanzia siku ile paa lilionekana toka barabarani, na baba akahamishia kiti chake kwenye baraza mpya, wageni akawapokelea huko. Jioni alirudi kulala kwenye nyumba ya nyasi na mama.

Mlango uliletwa wiki iliyofuata kutoka mjini, nyuma ya bodaboda. Ulizidi fremu kwa vidole viwili. Ilikuwa kazi ya nusu siku: kupiga randa chini, bawaba tatu, komeo.

"Kesho naupiga randa," baba alisema.

Mwaka mmoja baadaye baba mdogo, ambaye hajui kunyamaza, alichungulia ndani. "Kaka, huo mlango umeuegemeza au umeupanda? Naona unataka kuota mizizi."

"Nyumba imeisha," baba alimjibu. "Bado mlango tu."

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. "Nilidhani nimeolewa na wewe," alisema bila kuinua kichwa, "kumbe nimeolewa na 'bado'."

Tulicheka wote, baba pia. Mama hakucheka.

Nilimshauri baba ahamie tu, atundike pazia. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nilale wazi? Hata zizi lina mlango, mwanangu."

Kazi yangu ni kuandika habari. Mwaka huohuo nilitumwa Serengeti, kwenye kijiji ambacho zahanati yake ilikuwa imejengwa, imepakwa rangi, viongozi wameshapiga picha mbele yake, lakini haina mabomba ya maji. Niliandika kwa hasira. Niliuliza watu walioweza kusimamisha kuta wanashindwaje na mabomba. Habari ilisifiwa. Jumamosi nilipanda mlima kwenda nyumbani, nikanywa chai barazani, nikauona mlango, nikarudi mjini.

Watu husema mtu huishiwa nguvu kwa sababu njia ni ndefu. Baba hakuishiwa nguvu. Alishapewa mkono. Heshima ya mtu aliyejenga aliipata yote siku ya mbuzi. Kilichobaki kilikuwa usingizi wa mama, na usingizi wa mama hauonekani toka barabarani. Mimi nami ofisini nilishawaambia wenzangu, "Mama nimemjengea." Nilisema hivyo, kana kwamba jambo limekwisha.

Masika ya mwaka huu kifua kilimzidi. Alilazwa hospitali siku tatu, ya nne tukamrudisha ndani ya jeneza. Wazee wakasema mke hulazwa kwenye nyumba yake kabla ya kuzikwa.

"Nyumba ipi?" baba mdogo aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

Baba alionyesha mpya kwa kidole.

Wakati wa mazishi wapishi waliukuta mlango pale nje, wakauinua juu ya mawe, wakakatia nyama juu yake. Una alama za visu hadi leo. Watu walipoondoka baba aliufuta, akaurudisha sebuleni, akauegemeza palepale. Bado analala kwenye nyumba ya nyasi, upande wa kitanda usiovuja.

Bawaba nilizinunua wiki ileile ya msiba. Ziko tatu kwenye droo ya meza yangu ofisini, ndani ya gazeti walilonifungia dukani. Tangu nizinunue nimekwenda nyumbani mara nne.